Nilitaka Namba Moja, Nikamuuza Kaka Yangu

Nimekosa. Sitafuti maneno matamu ya kuanzia, maana maneno matamu ndiyo yaliyonifikisha hapa. Nilimuuza kaka yangu, mtu aliyenilea na kunisomesha, ili kitabu changu kipande kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa sana. Na kikapanda kweli! Hata leo ninapoandika haya bado kiko juu kabisa.

Jina langu sitalitaja. Walio Bungoma wakisoma hapa watanijua tu, na wanijue. Ninyi wengine nichukulieni kama jirani aliyeingia jikoni kwenu akaanza kulia kabla hajakaribishwa chai.

Kwetu ni upande wa Mabanga. Baba alifariki nikiwa mdogo, sura yake naijua kwa picha. Mama alibaki na sisi watatu: kaka mkubwa, kaka wa pili ambaye hapa nitamwita Wafula, na mimi kitinda mimba. Yule mkubwa alipofika umri wa jando alisimama mbele ya ngariba bila kupepesa jicho. Wanawake wakapiga vigelegele. Halafu damu ikakataa kukauka. Tulimzika wakati wenzake wakiwa bado wanauguza vidonda.

Sasa mnielewe mila yetu. Mvulana hukatwa uani kwa baba au babu yake, asubuhi, watu wakimtazama usoni. Alfajiri hiyo hupelekwa mtoni akapakwa matope, akarudishwa nyumbani kwa nyimbo. Akitetemeka tu, wataimba habari zake hadi wajukuu wake wazisikie. Siku hizi wapo wengi wanaopeleka watoto hospitali bila haya, lakini wakati ule, na katika ukoo wetu, aliyekatwa hospitali kwa siri alihesabiwa mvulana hata akiota mvi.

Zamu ya Wafula ilipofika, mama alishindwa. Alimshika mkono mapema kabla majirani hawajaamka, akampeleka hospitali moja kule Kitale. Watu aliwaambia kijana amekwenda kwa wajomba zake, atakatwa huko pamoja na binamu zake. Nami nilikwenda nao, mtoto wa darasa la pili, nimebeba thamosi ya uji.

Wafula alilia pale kwenye veranda ya hospitali. Hakulia kwa kuogopa kisu. Alikuwa anamsihi mama, "Niache nirudi nikasimame kama wengine." Mama akamwambia, "Nimeshazika mmoja. Kama unanipenda, nyamaza." Akanyamaza. Ile siri ilibaki kwetu watatu, na Wafula aliibeba miaka yote kwa ajili ya mama yake.

Huyo ndiye mtu niliyemuuza, jamani!

Alipooa alihamia Kitale, akakodi shamba, akalima mahindi mpaka akanunua lake. Akanichukua nikakaa kwake. Sare, karo, hata miwani yangu ya kwanza, vyote vilitoka kwenye yale mahindi. Akawa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kikundi cha wakulima. Ni mtu wa kucheka kwa sauti mpaka kuku wanakimbia.

Mimi nikawa mwalimu wa Kiswahili, nafundisha sekondari moja karibu na Kibabii, na ninaandika. Vitabu vyangu viwili vya kwanza vilikufa kimya kimya. Makasha yake yako chini ya kitanda mpaka leo, panya wamejua kusoma. Mwenzangu mmoja ofisini alikuwa na mazoea ya kuniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, kwani hizo vitabu zako huuzwa wapi? Nilizitafuta mpaka nikachoka." Watu wanacheka, nami nacheka, lakini ndani naungua.

Kila mwisho wa mwezi maduka ya vitabu hutoa ile orodha yao. Mengine huibandika mlangoni, mengine huiweka Facebook. Nilikuwa naifungua kwenye simu na kuisoma kutoka chini kwenda juu, polepole, kama mtu anayetafuta jina la ndugu yake kwenye matokeo ya mtihani. Sikuwahi kujiona. Nilikuwa nikiona majina ya wenzangu naandika "Hongera!" kisha naizima simu na kukaa na wivu wangu. Wivu huo ulinila miaka mingi, nisiufiche.

Basi nikaandika riwaya ya tatu. Nikaandika habari ya mama aliyezika mtoto mmoja na mwana aliyekubali aibu ili mama yake alale usingizi. Ile ya hospitali niliiandika jinsi ilivyokuwa, hata thamosi nikaiweka. Kosa la kwanza hilo, kwani siri haikuwa yangu peke yangu. Lakini angalau ilikuwa kweli.

Mhariri akanipigia. Akasema, "Mwalimu, umeandika vizuri, lakini hapa kati msomaji atalala. Mama anampeleka kijana hospitali, halafu? Wacha huyu kijana akimbie. Ametoka mtoni na matope mwilini, watu wanaimba, kisu kinangoja, yeye anaruka ua anatoroka. Hapo utauza!"

Ningekataa. Nilijua kwamba Wafula hakukimbia. Nilikuwepo na thamosi mkononi! Lakini nilisikia lile neno "utauza" nikasahau yote. Nikamfuta mama kwenye kile kisa, nikamkimbiza kijana. Na niliandika zile mbio kwa ustadi, wueh! Nilizisoma kwa sauti peke yangu nikatokwa na machozi ya furaha.

Halafu, kwa kujiona nina shukrani, nikaandika ukurasa wa mbele: "Kwa kaka yangu, uliyenisomesha." Nina kaka mmoja tu duniani. Kila anayetujua akifungua kitabu anaanza na yeye, kisha anamkuta mwanamume mkulima wa Kitale, mzee wa kanisa, anayecheka mpaka kuku wanakimbia, anayeficha kwamba alikimbia kisu. Majina nilibadilisha. Cheko sikubadilisha.

Mwezi wa kwanza kitabu kiliingia namba nane. Nane! Nilipiga kelele ofisini mpaka mwalimu mkuu akachungulia. Yule mwenzangu wa kunicheka alikuja kunishika mkono. Nikampelekea Wafula picha ya ile orodha, na kwa vile hakuwa amesoma kitabu, akanipigia akicheka, "Mungu ni mwema, dadangu! Nitawaambia watu."

Na akawaambia. Jumapili alisimama kanisani kwake Kitale, akakishika kitabu juu, akasema dada yake mdogo ameheshimisha nyumba, kila familia ijitahidi kununua. Walinunua. Walimpigia makofi, wakaenda nyumbani, wakasoma.

Mwezi uliofuata nikawa namba tatu.

Nilipanda Kitale Jumamosi moja kwenda kuiona ile orodha kwa macho yangu kwenye mlango wa duka. Nilikuwa nimesuka nywele upya. Nilisimama nikajipiga picha na jina langu nyuma ya bega. Wanawake wawili wakaingia, nami nikajisogeza kwenye rafu za vitabu vya watoto nisikie watasema nini.

"Sasa," mmoja akamwambia muuzaji. "Iko ile kitabu ya mwanaume alikimbia kisu?"

"Ziko. Zimebaki tatu tu."

"Leta mbili. Ati unajua ni nani? Si ni mzee wetu wa kanisa! Dadake ndiye ameandika."

"Wacha!" mwenzake akasema. "Kumbe ni ukweli?"

"Dada wa mtu anaweza danganya juu ya hiyo maneno kweli? Si yeye ni wa nyumba, bana."

Wakacheka, wakalipa, wakaenda.

Sasa hapa ndipo ungamo langu lilipo, sikilizeni vizuri. Nilimwona kaka yangu mbele ya macho yangu. Lakini baada ya hapo nikawaza, zilibaki tatu, amechukua mbili, kwa hiyo kwenye kasha zima imebaki nakala moja tu. Na nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi!

Wiki haikuisha Wafula akaja kwangu. Hakupiga simu. Alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, kofia mapajani, chai nikaweka hakuigusa.

"Dadangu," akaniambia, "mimi nilikimbia lini?"

Nikamwambia, "Kaka, hiyo ni ya kubuni. Hata mwanzoni wameandika ni ya kubuni."

"Kamukuywa nikienda soko wananiita Mbio. Mtu ananiuzia ng'ombe huku ananiita Mbio. Hiyo pia ni ya kubuni?"

Nikamsogezea kikombe cha chai.

"Ungeandika vile ilikuwa, ningevumilia," akasema. "Lakini hukuandika vile ilikuwa. Na mimi siwezi simama niseme sikukimbia, kwa sababu wataniuliza, basi ilikuwaje? Nitasema ni mama? Mama na ile umri yake, watu waanze kumwimba?"

Nilianza kulia. Aliniacha nilie, kisha akasema sauti ikiwa ya chini, "Sikuombi uchome kitabu. Nimeona vile umeitafuta hii kitu. Waambie tu wasichape ingine mpaka Agosti iishe. Simiyu wangu anaingia jando mwaka huu. Nataka nisimame na kijana wangu pale kwa baba, watu waone, iishe. Baada ya hapo waandike wanachotaka."

Nikamwambia, "Nitawapigia kesho, kaka."

Alinishukuru! Akasimama, akaiombea nyumba yangu kama anavyofanya siku zote, akaondoka. Chai ilibaki imefanya utando juu.

Kesho yake simu ikalia nikiwa darasani. Ni mhariri. "Mwalimu, mambo ni moto! Tunachapa tena. Kuna kitu unataka turekebishe, ama tuendelee?" Nilitoka nje, chaki bado iko mkononi. Maneno ya Wafula nilikuwa nayo yote kichwani, hata moja halikuwa limenipotea. Ningesema subirini. Neno moja tu!

Nikasema, "Endeleeni."

Mtaniuliza kwa nini. Kwa sababu nilikuwa namba tatu. Kwa sababu niliona wawili tu mbele yangu, nikajiambia nikifika namba moja hata mwezi mmoja tu, nitatubu baadaye, nitampeleka Wafula mahali tukale nyama, atanisamehe, si ni kaka yangu. Niliuonja msamaha wake kabla hajaupika.

Nikafika namba moja.

Watu huuliza mwandishi husikiaje akifika pale. Nitawaambia. Nilikuwa ofisini nasahihisha insha. Nikafungua simu, safari hii nikaanza juu, jina langu likawa la kwanza kusoma. Nikangoja furaha ije. Nikangoja, nikangoja. Yule mwenzangu alipita na kikombe chake, akaniangalia, hakusema hongera. Yeye ni mtu wa Kamukuywa, alikuwa ameshajua.

Nikampigia Wafula, simu ikapokewa na mkewe, wifi yangu, mwanamke aliyenipikia miaka yote ya shule.

"Ati umeshika namba moja? Hongera," akasema. "Mzee ameacha kwenda kanisa. Amerudisha hata ufunguo wa kanisa. Asante ya punda ni mateke, nilikuwa nasikia tu watu wakisema." Akakata.

Nikaenda Mabanga kwa mama. Nilimkuta na ungo wa maharagwe, anachagua mawe. Mama hajui kusoma, lakini wanawake wa kanisa walikuwa wamemsimulia kitabu chote. Hakunisalimu. Vidole vyake viliendelea kuchagua.

"Wewe ulikuwa na thamosi," akasema. "Uliniona. Mimi ndiye nilimshika mkono. Mbona hukuniandika mimi?"

Ole wangu! Ningemjibu nini? Kwamba mhariri alisema msomaji atalala?

Mama alifanya kile ambacho Wafula alikuwa anamkinga asikifanye. Alichukua fimbo yake akaenda kwa wazee wa ukoo, akakiri mbele yao kwamba ni yeye, kwamba mtoto alilia akitaka kurudi kusimama. Uzee wote ule, aliusimamisha mbele ya wanaume akajiaibisha. Mnajua walimjibu nini? Walimwambia kwa heshima, mama, kila mzazi humfichia mwanawe. Kitabu kimesema alikimbia, na kimeandikwa na dada yake, mtu amesoma.

Nami nilijaribu. Nilikwenda kwa wazee hao hao nikapiga magoti. Wakaniambia nimetumwa na kaka yangu. Nikaandika Facebook kwamba nilidanganya, kwamba kaka yangu hakukimbia kamwe. Watu wakaweka vile vikatuni vya kucheka. "Anafunika sufuria na maziwa imeshamwagika," mmoja akaandika. Na kitabu kikanunuliwa zaidi, maana hata wasiokuwa na habari sasa walitaka kujua. Mhariri akanipongeza. Alidhani ni mbinu.

Wazee wakakata shauri. Simiyu atakatwa uani kwa babu yake kama kawaida, lakini baba yake asisimame pale. Binamu yetu mmoja atasimama badala yake. Nasikia Wafula aliletewa habari akiwa shambani, akaitikia kwa kichwa tu, akaendelea kupalilia. Siku ya siku alibaki Kitale.

Agosti ikafika. Kwetu mvulana anayeingia jandoni huzunguka kwa jamaa zake akicheza njuga, vijana wakimfuata na nyimbo, awaalike waje kumshuhudia. Na kuna nyumba ambayo hairukwi, nayo ni ya senge, dada ya baba. Senge hutoka nje kwa vigelegele, humpa kijana kuku au chochote alichonacho, na humwambia asimame imara. Mimi ndiye senge wa Simiyu. Sina mwingine wa kugawana naye kazi hiyo.

Sikualikwa, lakini mila ni mila, nikajipa moyo. Nikafagia ua tangu asubuhi. Nikafunga jogoo mzuri kwenye mti wa mparachichi. Nikapika chai sufuria kubwa ya kutosha vijana wote, nikavaa kitenge ambacho Wafula alininunulia nilipohitimu. Nilisema moyoni, kijana huyu nimemfundisha kusoma mimi mwenyewe, magotini pangu. Akiingia, nitaomba radhi kupitia kwake.

Alasiri nikasikia njuga zikitoka upande wa Kibabii. Nyimbo zikakaribia, nikayashika maneno. Walikuwa wanamwimbia asiwe kama yule wa kitabuni. Walikuwa wanaimba kile nilichokiandika mimi, jamani! Na kijana anacheza, jasho linamtoka, uso umekaza, anaimbiwa hivyo juu ya baba yake, naye hana ruhusa ya kuonyesha kwamba anasikia.

Wakafika langoni kwangu. Njuga zikanyamaza. Nikafungua lango, nikainua sauti kupiga vigelegele. Simiyu akaniangalia. Ni macho ya Wafula yale, yale ya veranda ya hospitali.

Kijana mmoja nyuma akauliza, "Si hapa ni kwa senge yako?"

Simiyu akasema, "Sina senge huku."

Akainua mikono, akapiga njuga, wakapita.

Nasikia alisimama kesho yake kama mti. Hakupepesa. Watu walipiga kelele kwamba ameosha jina. Kwa hiyo jina lilikuwa chafu, na aliyelichafua ni mimi, na mtoto amelisafisha bila baba yake kuwepo kuona. Wafula hapokei simu yangu. Mama nikienda ananipa chakula kama mgeni, sahani ikiwa na kifuniko. Simu ya mhariri ndiyo inayoita, ananiuliza kitabu kijacho kitahusu nini.

Nawe unayeandika, unayeikodolea macho ile orodha kila mwezi kama nilivyoikodolea, nakusihi. Ukichukua maisha ya mtu wako, usidhani kumbadilisha jina kunatosha. Mwendee kabla hujachapisha, msomee, umsikie. Akisema hapana, weka kalamu, hata kama ndiyo kisa kizuri kuliko vyote ulivyowahi kupewa. Usiseme utatubu ukishafika juu. Mimi nilifika, na wale niliotaka kutubu kwao hawakuwa wakinisikiliza tena.

Yule jogoo bado yuko. Sikumchinja, sikumuuza. Kamba nilishaifungua, lakini kila asubuhi namkuta amesimama pale pale chini ya mparachichi, na nikimwona nasikia njuga zikipita.